Wanawake wa Burundi mlio ukimbizini na mliorudi: kujitegemea kwako kulianzia wapi? Tupeane uzoefu

BintiBuyenzi: Dada zangu, habari za huko mliko. Kila tukizungumza ukimbizi tunaishia kwenye siasa za 2015, muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza na redio zilizochomwa, kana kwamba kabla ya hapo mwanamke alikuwa huru. Tarehe 10 Mei mwaka ule nilikuwa kati ya wanawake tulioandamana hadi Uwanja wa Uhuru, katikati ya Bujumbura, ambako polisi hawakutaka mwandamanaji akanyage. Nilirudi sauti imekauka, kaka yangu akanipokea mlangoni: nani amekuruhusu kutoka?

Baba alipofariki, shamba waligawana wavulana. Sheria ya mirathi ya kumpa binti haki ilikuwa imekwama miaka mingi, ikabaki mila, na kwa mila binti hulima kwa hisani ya kaka zake. Nikavuka mpaka na mtoto mgongoni. Leo niko Kigali, nasuka nywele, chumba nimepanga kwa jina langu. Semeni na nyie, na kilichowagharimu msikifiche. Wanaume karibuni, ila sikilizeni kwanza.

Cherehani: Hongera dada. Huku Nduta, kambi ya wakimbizi Tanzania, ukitoka kambini bila kibali unakamatwa, kwa hiyo hilo la kupanga chumba sahau. Niliponunua cherehani nilijua nimetoka kimaisha. Biashara zikazuiwa, nikawa nashonea ndani, wateja wanaelekezana kwa siri. Ila kilichonitesa zaidi ni kadi ya posho. Mkubwa wa familia aliandikwa mume wangu. Alipohamia kwa mwanamke mwingine, unga na maharage vikamfuata, mimi na watoto tukawa wa kuombaomba kwa majirani. Kutenganishiwa kadi kulichukua muda mrefu, kila ofisi inakuuliza mumeo yuko wapi. Siku nilipoitwa kwa jina langu kwenye foleni nililia mbele za watu. Anayeona ni jambo dogo hajawahi kulala njaa kwa sababu ya jina la mtu mwingine.

Nakivale_shambani: Uganda mkimbizi anapewa kipande cha kulima. Si mali yangu, najua, lakini hata nyumbani hakikuwa changu. Napanda ninachotaka, nauza mwenyewe. Basi.

NimerudiMakamba: Mimi nimerudi, naomba msinihukumu. Mwaka 2017 ilipotoka amri kwamba wanaoishi pamoja bila ndoa waoane kabla ya mwisho wa mwaka, nyumbakumi alikuja na daftari. Yule mwanaume alikuwa ananipiga. Nikaona bora Kigoma kuliko kufungishwa naye ndoa. Nimerudi kwa ajili ya mama, amezeeka. Shamba lake sasa wanalima watoto wa kaka, mimi wananiita mgeni. Nimepeleka shauri kwa bashingantahe, wazee wanaosuluhisha migogoro, wa kilima chetu. Mama anasema nisiwaaibishe ndugu. Nampenda, lakini sirudi nyuma.

BintiBuyenzi: Hakuna wa kukuhukumu hapa, dada. Kurudi na kudai kunataka moyo kuliko sisi tuliobaki nje. Nakuomba sana: mashahidi wanaojua mipaka ya shamba, maneno yao yaandikwe sasa wakiwa hai, na mama awepo. Sisi wazee wetu walikufa kabla hatujawauliza.

NimerudiMakamba: Wamebaki wawili. Kesho naenda kwa mmoja.