Kutafuta watazamaji ni sawa na kutafuta kazi? Naomba ushauri

Kijana_Wete: Asalam alaikum wandugu. Mie Mpemba nakaa Unguja, n'na chaneli ya mapishi YouTube, miezi minane sasa sabskraiba 214 tu na YouTube wanataka 1000 na masaa 4000 ya kutazamwa ndani ya mwaka ndo upate mgao wa matangazo. Naona kama nlivokuwa natafuta kazi, unapeleka barua kila hoteli toka Paje mpaka Nungwi hakujibu mtu. Nifanyeje?

Bint_Mkoani: Waalaikum salam. Kazi unapata mtu akikutaja kwa mtu, na video ni hivo hivo, asokujua hakutazami. Biriani na urojo kila mtu anapika. Bibi yako alikuwa akiwapikia nini msimu wa karafuu mkirudi kuchuma? Pika hicho.

Mchukuzi_Malindi: Mie nilizunguka mji mzima na bahasha mpaka ikachanika, kazi nikaja kuipata kwa mzee nliyembebea gunia bandarini, wala hakuniuliza cheti!! Siku hizo boti zenyewe...

Karafuu7: Kwani sasa hivi kazi unayo?

Kijana_Wete: Nilikuwa nayo, hoteli moja huko shamba.

Karafuu7: Ulikuwa?

Kijana_Wete: Nimeacha, yapata miezi miwili sasa. Mke wangu hajui, natoka asubuhi na sare naenda kurikodi kwa rafiki yangu Mwanakwerekwe. Lakini si uongo, kurikodi nako kazi. Na kamera nshalipia nusu siwezi kurudi nyuma.

Ustadh_Wangu: Muogope Mungu, mkeo ana haki ya kujua chakula kinatoka wapi.

Urojo_Mix: Na sare anafua yeye 😂😂

Karafuu7: Hapo hapo. Mie nimefanya hoteli mbili Nungwi, sare inabaki kazini inafuliwa londri, haendi nayo mtu nyumbani. Huyu katunga ili tukamfungulie chaneli.

Kijana_Wete: Wallahi kwetu hoteli ndogo tunafua wenyewe! Na chaneli hata jina sijaitaja.

Mchukuzi_Malindi: Kweli hajaitaja. Fundi huyu.

Bint_Mkoani: Mie sijasadiki hata neno moja, ila nitumie inboksi nione huo upishi.

Kijana_Wete: Nshakutumia dada.

Bint_Mkoani: Nimeona. Pweza mzuri, lakini maneno mengi mno kabla hujawasha jiko, mtu ashaondoka zamani.

Kijana_Wete: Ahsante. Sasa zimefika 216, mmoja wewe, huyo mwengine nani?

Urojo_Mix: Mkeo.