Mrejesho: Santorini bila kukausha mfuko

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuzunguka Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, mwezi Agosti bila kufilisika. Nimesharudi, ahsanteni sana.

Mlionikataza kulala Oia, kile kijiji maarufu cha bei ghali, Mungu awabariki. Nilipata chumba Perissa, karibu na ule ufukwe wa mchanga mweusi, na basi la Fira, mji mkuu wa kisiwa, linapita jirani. Ila karibu kila safari inabidi ubadilishe basi Fira, na kurudi jioni kutoka Oia ni kusukumana kama Mbagala saa kumi na mbili.

Kutembea kwa mguu Fira hadi Oia, kama kilomita 10, niliondoka alfajiri. Huo ndio ushauri ulionifaa kuliko yote. Vaeni raba, kuna vipande vya changarawe vinateleza. Machweo niliyatazama kijiji cha Imerovigli, bila msongamano.

Kilichokwama ni boti ya kasi kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Meltemi, ule upepo mkali wa kiangazi, ulivuma, safari ikafutwa, nikavuka kesho yake kwa meli kubwa. Hela ya chumba usiku ule ikaliwa. Anayekwenda kiangazi apande hiyo kubwa tangu mwanzo, na asikate tiketi ya ndege siku ileile ya kuvuka.