Grafu ya joto la E. coli ina nundu mbili: uchafu au hewa imeisha?

Pikowati
Wakuu, habari za kazi. Napima joto wanalotoa bakteria wa E. coli kwa kalorimita (kifaa cha kupima joto linalotoka) ya nyuzi 37 zisizobadilika, ampuli (vichupa) za kioo za ml 4. Kila moja ina ml 3 za LB (mchuzi wa kukuzia bakteria), bakteria wa kuanzia kama 10⁵ kwa ml. Upande wa ulinganisho, ambao kifaa huutoa kwenye kipimo cha sampuli, kuna ampuli tupu. Saa nzima ya kwanza grafu inayumba ovyo. Baadaye inapanda hadi nundu kali, inaporomoka ghafla, halafu inainuka tena nundu pana. Nimepanda sampuli kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), koloni ni za aina moja tu. Nundu hii ya pili inatoka wapi?

FundiJoto
Oksijeni hiyo, mkuu. Piga hesabu: seli inayokua hutoa takriban pikowati 2 (pikowati milioni ni mikrowati 1). Zikifika 10⁸ kwa ml, ml 3 zinatoa mikrowati 600. LB ya nyuzi 37 imeyeyusha oksijeni kama mikromoli 0.2 kwa ml, jumla 0.6. Kila moli ikitumika kupumulia huachia kJ 455 hivi, kwa hiyo akiba yako yote ni joule 0.27. Kwa kasi ile inakauka ndani ya dakika saba na nusu!

Hewa ya juu bado ina mikromoli 8 na ushee, ila hakuna kinachokoroga, inapenya kidogo kidogo. Nundu pana ni ya seli za karibu na uso zinazoambulia hewa hiyo, pamoja na uchachushaji (kuvunja chakula bila oksijeni) wa seli za chini.

Punguza LB iwe ml 1, hewa ibaki ml 3. Poromoko litakuwepo, lakini utapata kipande kirefu zaidi cha kupanda kabla yake. Kasi ya kukua isome hapo tu, tuseme kati ya mikrowati 5 na 50: chora logi asilia ya mikrowati dhidi ya muda, kisha 0.693 gawanya kwa mwinuko wa mstari huo ndio muda wa kuongezeka maradufu. Urefu wa kilele usiutumie, unapima hewa kuliko bakteria.

Mama Agari
Ampuli tupu upande wa pili ni kosa. Weka LB isiyo na bakteria, ujazo uleule, kifuniko kilekile, ili pande zote mbili zipokee mtikisiko wa joto kwa namna moja.

Kuyumba kwa mwanzo ni kawaida. Kupasha ml 3 kutoka nyuzi 25 hadi 37 kunataka joule 150, wakati wewe unatafuta mikrowati. Ampuli ikae dakika 15 sehemu ya juu ya kalorimita, ishushe polepole, na dakika 45 zinazofuata zitupe.

Kagua na mpira wa kifuniko. Mikrogramu 1 ya maji ikivukiza kwa saa inanyonya mikrowati 0.67. Bakteria wako wa mwanzo wote wanatoa 0.6! Vaa glavu, futa kioo kwa ethanoli na karatasi isiyoacha nyuzi.

Pikowati
Ahsanteni sana. Nikiongeza glukosi na bafa (kizuia mabadiliko ya asidi) ya Tris?

FundiJoto
Tris hapana. Kila moli ya H⁺ (asidi) inayoidaka inaongeza kJ 47 ambazo si za bakteria. Bafa ya fosfati haifiki kJ 5.

Na kama bado una wasiwasi wa uchafu, endesha ampuli mbili, moja ikiwa na bakteria wa kuanzia mara 10 pungufu. Wakiongezeka maradufu kila dakika 20, grafu yake nzima itachelewa dakika 66 hivi, nundu zote mbili kwa pamoja. Nundu ya pili ikibaki palepale wakati ya kwanza imesogea, kachunguze LB yako.