Umoja wa madevelopa mnauza masomo tuliyotoa bure, na majina yetu mmefuta!

Wakuu, nipo Tabora, kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta: mauzo, stoo, malipo ya simu, vitu hivyo. Kuna umoja wa madevelopa wa nchi nzima, viongozi wake wako Dar, ambao nimeutumikia kwa moyo wote. Siutaji jina, wenyewe mnajijua. Naandika masomo kwa Kiswahili, najibu maswali ya watu usiku, na Jumamosi nakaa na vijana wa chuo kikuu cha AMUCTA na wa Chuo cha Utumishi wa Umma tunafanya mazoezi kwa laptopu za kuchangiana. Bando langu, muda wangu. Hakuna aliyenilazimisha na sijawahi kudai hata soda.

Sasa juzi kijana mmoja wa Nzega kanitumia PDF ya kozi aliyonunua kwa elfu ishirini na tano. "Kaka, hapa nimekwama, nisaidie." Kuifungua, nakutana na masomo yangu! Jalada lina picha ya kiongozi mmoja wa umoja, suti, mikono kaikunja kifuani, chini imeandikwa "Mwalimu na Mwandishi".

Na wizi wenyewe wa kizembe. Mifano yangu mingi niliijenga kwenye duka la asali, maana huku asali kila mtu anaielewa. Jamaa kafuta jina langu kila mahali lakini kaacha "ndoo ya lita 20, tawi la Ipuli". Kozi ya Dar, tawi Ipuli, hapa hapa Tabora! Kuna picha ya skrini kwenye sura ya malipo, ukiikuza unaona pale juu jina la folda la kompyuta yangu. Hata kukata picha kumemshinda.

Lakini kilichonipandisha presha si jina langu. Mimi nina wateja, mkono unaenda kinywani. Ni la binti mmoja wa chuo tunayekaa naye hizo Jumamosi.

Tulikuwa na mfumo wa gesti iliyo jirani na stesheni. Tabora ndipo reli inapogawanyika, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, na treni ya Mpanda nayo inapita hapa, kwa hiyo wageni wa treni wanaingia hata usiku wa manane na wanalipa wakifika. Kila asubuhi mwenye gesti analia hesabu haziendani: hela iko kwenye droo, kwenye ripoti ya siku hiyo haimo. Dada wa mapokezi alishaanza kuangaliwa kwa jicho baya. Huyu binti akakaa na zile ripoti akaona kwamba malipo yanayopotea yote ni ya kati ya saa sita na saa tisa usiku. Akajua hapo hapo. Seva, yaani kompyuta inayotunza data za mfumo, ilikuwa inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mgeni akilipa saa saba na nusu usiku, kwa seva bado ni jana, saa nne na nusu usiku, na hela inaangukia kwenye ripoti ambayo mwenye gesti alishaifunga. Dawa akaiandika mwenyewe: muda uhifadhiwe kwa UTC kama kawaida, ila ripoti ikate siku kwa saa za Dar es Salaam. Kaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Nikaweka jina lake juu ya somo, na dada wa mapokezi akapumua.

Somo hilo limo kwenye PDF neno kwa neno. Jina lake hakuna. Huyu binti anatafuta kazi, wakuu! Akienda kwenye usaili akasema hili niliandika mimi, wakilitafuta watamkuta mtu wa suti. Mwizi ataonekana nani?

Na mngeiba basi muibe kwa akili. Kwenye malipo ya simu nilisisitiza kwamba taarifa ya muamala kutoka mtandao wa simu inaweza kuja mara mbili, kwa hiyo namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye jedwali, ikija ya pili ikataliwe. Ni mstari mmoja tu. Wameukata, nadhani ili ukurasa ukae vizuri. Ndicho kilichomleta kwangu yule kijana: mteja kalipa elfu kumi, mfumo unasoma elfu ishirini.

Nilipowafuata nikajibiwa, "Maarifa hayana mwenyewe mkuu, hivi vitu ni huria." Huria ya wapi? Leseni ya MIT, leseni ya programu huria iliyo fupi kuliko karibu zote, inakuruhusu kubadili na hata kuuza, sharti ubakize tangazo la hakimiliki. Majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya madevelopa ambako wengi wetu tumekulia, yako chini ya leseni ya Creative Commons na lazima umtaje aliyeandika. Git, programu ya kutunza historia ya kodi aliyoianzisha Linus Torvalds 2005, ina amri ya kukuonyesha nani kaandika mstari upi. Na hapa nyumbani kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inalinda maandishi na programu za kompyuta pia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Mimi kuuza sina shida nako, wangeniomba ningewapa na baraka juu. Kufuta majina ya watu ndiko nisikokubali.

Usiku ule ule nikatolewa kwenye kundi, admini akaandika eti "navuruga amani". Kiongozi mwingine kanipigia, sauti laini kabisa: "Mdogo wangu, nyie wa mikoani mshukuru kazi zenu zinafika Dar." Nilikata simu, maana ningetukana.

Sasa vijana wa huku wamegoma kuandika. Mmoja kapata ufumbuzi wa printa za risiti zinazokata maneno, jambo linalosumbua watu nchi nzima, kanivuta pembeni: "Kaka, hii naomba isitoke hapa." Na mimi nimekosa cha kumjibu.

Ninachotaka: jina la binti lirudi juu ya somo lake, mstari mliokata urudishwe kabla hamjaharibia watu wengine hesabu, na walionunua warudishiwe hela yao, kwa sababu masomo yote bado yako wazi, bure. Viongozi mnaingia humu kila siku, nawaona. Jibuni hapa hapa mbele ya watu. Simu za pembeni sipokei tena.