Tufe langu hupinda kulia: nirekebishe mkono au nijenge mchezo juu yake?

BintiPangani (Columbus, Ohio)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi hutumia mkono wa kulia, na huu ni msimu wangu wa pili katika ligi ya bolingi ya wafanyakazi wa kampuni yetu. Tangu siku ya kwanza tufe langu limekuwa likipinda kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume kabisa na matufe ya wenzangu wanaotumia mkono huohuo, ambayo huanzia upande wa kulia na kurudi kushoto yanapokaribia pini. Wamarekani huliita bakapu, na nimezoea kusikia neno hilo likitamkwa kama jina la ugonjwa.

Wastani wangu ni 128 na ningependa kufika 150. Ninalenga upande wa kulia wa pini namba 1, ile ya mbele kabisa, kama walengavyo wenzangu, lakini tufe likishagonga hukimbilia kulia na kuniachia namba 5, ile ya katikati, imesimama, mara nyingi pamoja na nyingine za nyuma. Pini namba 7 ikibaki peke yake kule kona ya kushoto, siipati ila kwa bahati. Isitoshe, kufikia mchezo wa tatu huanza kuhisi maumivu upande wa ndani wa kiwiko. Mwaka jana nilinunua tufe la resini la ratili 14, nikachongewa mashimo dukani bila fundi kuniona nikirusha hata mara moja, na tangu hapo sijaona tofauti kubwa na lile la ukumbini.

Katika timu yetu mmoja ananiambia niache hivyo hivyo, mwingine ananiambia nisipobadilika sitafika popote. Ninaomba ushauri wa mtu anayeujua mkono wenyewe unavyofanya kazi.

FundiMashimo (Minneapolis)

Dada, karibu. Mimi hutoboa matufe, na swali hili huletwa dukani karibu kila mwezi, kwa hiyo niruhusu nianze na lile ambalo watu hulisahau. Kabla ya kuamua kama utarekebisha au utaacha, ni lazima ujue kama mkono wako hugeuka nje katika kila rusho au katika baadhi tu. Mwombe mtu asimame nyuma yako na simu, akurekodi marusho kumi ya mwanzo wa jioni na kumi ya mwisho. Bakapu inayokuja kila mara, kwa kiasi kilekile, ni mtindo wa kuachia tufe, na mtindo unaweza kujengewa mchezo. Inayokuja mara tatu kati ya kumi, au inayoongezeka kadiri unavyochoka, ni kosa, na hakuna mahali pa kusimama patakapokusaidia kulificha.

Katika video hiyo utazame kidole gumba wakati tufe linapopita kwenye kifundo cha mguu. Makocha huku hueleza jambo hili kwa uso wa saa uliolazwa sakafuni, namba 12 ikielekea kwenye pini. (Ninasema namba zilizochapwa kwenye saa, si saa tunavyozihesabu sisi, maana nimewahi kumchanganya Mtanzania mwenzangu kwa jambo hili jioni nzima.) Anayerusha moja kwa moja huachia gumba likiwa kwenye 12 na vidole viwili vya chini vikiwa kwenye 6. Anayepinda kwa njia ya kawaida, kwa mkono wa kulia, huachia gumba likielekea 10 au 11, na vidole hupanda ubavuni mwa tufe, upande wa kulia. Wewe gumba lako huenda linaelekea 1 au 2, na vidole vinapanda upande wa kushoto. Ukiona kwamba kiganja kimegeuka mapema, mkono ukiwa bado nyuma, basi tatizo limo katika bembea yenyewe: tufe limepita nyuma ya mgongo, kiwiko kimetoka mbavuni, na mkono hauna njia nyingine ya kurudi. Ukiona kiganja kiko sawa mpaka dakika ya mwisho ndipo kikageuka, angalia shimo la gumba.

Shimo la gumba lililo pana mno humlazimisha mtu kulibana tufe ili lisimponyoke, na mkono unaobana haubembei tena, unavuta. Shimo linalofaa huligusa gumba pande zote bila kulikaza, na lisipoligusa, vipande vya tepu ya wachezaji hubandikwa ndani kimoja kimoja mpaka uhisi tofauti. Kwa kuwa gumba huvimba na kunywea kadiri jioni inavyokwenda, mchezaji makini huongeza na kupunguza tepu hizo wakati wa mchezo. Ratili 14 si uzito mkubwa kwa kila mtu, lakini kama kiwiko kinauma, jaribu 12 au 13 kwa majuma mawili kabla ya kufanya lolote jingine.

Sasa kuhusu tufe lako la resini. Ndani yake mna kiini kizito ambacho fundi hukipangia mahali kulingana na mhimili ambao tufe huuzunguka baada ya kuachiwa. Kwa mtu wa kulia wa kawaida, ncha ya mhimili huo iko upande wa kulia wa mashimo. Kwako wewe iko kushoto, kama ya mtu wa mashoto. Aliyekutoboa bila kukuona alikupa, bila shaka, mpangilio wa kulia, na ndiyo maana tufe la bei kubwa linafanya kazi kama la ukumbini. Nenda kwa fundi mwingine, urushe mbele yake, kisha mruhusu atazame pete za mafuta ya njia zilizobaki juu ya tufe, maana kutokana na pete hizo ndipo ncha ya mhimili hupimwa. Akishaipata, mashimo ya zamani yanaweza kuzibwa na kutobolewa upya: vipimo vya vidole vya mkono wako wa kulia, mpangilio wa kiini wa mashoto.

MzeeWaLigi (Nairobi)

Binti yangu, mimi nilirusha bakapu kwa miaka sita kabla ya kubadilika, na ninasema kwa moyo wote kwamba badiliko lile lilistahili taabu yake. Mkono uliogeuzwa nje hauna nguvu ya kulizungusha tufe. Jaribu sasa hivi hapo ulipoketi: bana kiwiko ubavuni, ugeuze kiganja ndani kana kwamba unataka kumsalimu mtu, kisha ukigeuze nje kwa kasi hiyohiyo. Utaona ni upande upi mkono unakwenda kwa hiari.

Sikuanza kwenye njia ya kurushia tufe ukumbini. Nilianza na mpira wa raga uani, nikiurusha kwa mkono mmoja kutoka chini, vidole vikipanda ubavu wa kulia wa mpira, mpaka ukawa unazunguka vizuri angani bila kuyumba. Mpira ule hausemi uongo, kwa sababu mkono ukigeuka nje utauona ukizunguka upande wa pili. Baada ya hapo nilikwenda ukumbini saa za mchana pasipo na watu, nikapiga goti la kulia karibu na mstari wa kurushia, mguu wa kushoto mbele, nikawa ninabembeza tufe jepesi na kuliachia bila kujali pini hata kidogo. Ukiwa umepiga goti, miguu haiwezi kukudanganya, na mkono unabaki peke yake na kosa lake. Ndipo nikaongeza hatua moja, kisha nne zote. Kila rusho lilipaswa kumalizika kiwiko kikiwa mbele ya uso na kiganja kikiwa kama cha mtu anayetoa mkono wa salamu.

Nikuonye jambo moja. Wastani wangu ulishuka kwa pini ishirini na zaidi katika miezi ya kwanza, na nilikuwa karibu kuacha. Usibadilishe mkono katikati ya msimu wa ligi, kwani siku timu inapohitaji pointi mkono utarudi kule ulikozoea, na utakuwa huna huu wala ule. Subiri msimu uishe.

MpigaMashoto (Doha)

Shikamoo Mzee, na ninaheshimu safari yako, ila naomba nitofautiane nawe. Mimi ni mtu wa mkono wa kulia ninayerusha bakapu kwa kukusudia, na jina langu hapa linatokana na kwamba ninacheza njia kama mtu wa mashoto. Jason Belmonte wa Australia aliporusha kwa mikono miwili, wengi walisema si bolingi, na leo ndiye mwenye mataji makubwa mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi ya kulipwa ya Marekani. Ninakubali kwamba mikono miwili huongeza mzunguko na bakapu haiongezi, kwa hiyo mfano huu hauendi mbali. Ninautaja kwa sababu pini hazijui tufe limeachiwa kwa mkono wa namna gani. Zinajua pembe na mahali lilipogonga.

Dada, kosa lako kubwa ni kulenga upande wa kulia wa pini namba 1. Tufe linalotoka kushoto kwenda kulia likigonga huko linakuwa tayari linakimbia, kwa hiyo haliwezi kuifikia namba 5. Wewe mfuko wako, yaani pengo ambalo tufe linapaswa kuingia, uko kati ya namba 1 na namba 2 iliyo nyuma yake kushoto. Likiingia hapo kwa pembe ya nyuzi 4 hadi 6, tufe lenyewe hugusa namba 1, 2, 5 na 8, na zilizobaki huangushwa na pini zenzake.

Ili kufika huko unahitaji kuhamia kushoto kuliko unavyodhani. Njia ina mbao 39 kwa upana, na mishale ya kulengea iliyochorwa juu yake imepangwa kila baada ya mbao 5. Lenga mshale wa pili kutoka kushoto, ambao ni ubao wa 10 kuanzia ukingo huo. Lakini tufe lako huwekwa chini mbao sita au saba kulia kwa kiatu chako cha kushoto, kwa kuwa mkono wako uko upande huo, na hapa ndipo tunapotofautiana na mashoto wa kweli. Kama unataka tufe lianzie ubao wa 14, lipite wa 10 na kufika wa 6 au 7 kabla ya kurudi, kiatu chako kinapaswa kuishia karibu na ubao wa 7 au 8 kutoka ukingoni. Mwanzoni utahisi kana kwamba utatumbukia kwenye mfereji wa jirani. Ukishindwa, tumia mshale wa tatu na uridhike na pembe ndogo zaidi.

Malipo ya taabu hiyo ni mafuta. Katika kumbi za kawaida mafuta hupakwa mengi katikati na kidogo pembeni, kwa takriban futi 40 za mwanzo kati ya futi 60 za njia. Watu wa mkono wa kulia huyafagia ya upande wao mchezo baada ya mchezo na kulazimika kuhama, ilhali upande wa kushoto, wenye wachezaji wachache, hubadilika polepole. Katika mchezo wa tatu, wenzako wakiwa wanatafuta pa kusimama, wewe unaweza kuwa umesimama palepale.

Kwa pini namba 7 usitumie bakapu kamwe. Nunua tufe la plastiki, usimame kulia kabisa, gumba likiwa kwenye 12 kama alivyoeleza Fundi, ulivushe katikati ya njia likiwa limenyooka. Mimi nilifanya marusho hamsini kila Ijumaa kwa ajili ya pini hiyo moja, na hakuna zoezi lililoniongezea pointi kuliko hilo.

FundiMashimo (Minneapolis)

Ninaongeza moja tu: maumivu ya kiwiko yasipopungua baada ya kupunguza uzito na kurekebisha shimo, pumzika na umwone mtaalamu wa viungo kabla ya kuchagua kati ya Mzee na ndugu wa Doha.

BintiPangani (Columbus, Ohio)

Ninawashukuru wote, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya kwa majuma matano. Nilirekodiwa kama nilivyoelekezwa. Katika marusho ishirini gumba langu lilikuwa kati ya 1 na 2 mara kumi na nane, kwa hiyo sasa ninajua kwamba ni mtindo, si uchovu. Shimo la gumba lilikuwa pana. Lilihitaji vipande vitatu vya tepu, na wiki hiyohiyo maumivu yakapungua sana, jambo lililonishangaza kwa kuwa nilidhani chanzo ni ule mgeuko wa mkono.

Kwa msimu huu nimebaki na bakapu. Fundi mpya ameniona nikirusha, ameziba mashimo na kutoboa upya kwa mpangilio wa mashoto, na tufe lilelile sasa linageuka mwishoni kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona. Mshale wa pili bado unanishinda, ninatumia wa tatu. Jumatano iliyopita nilipata 161, na namba 7 nikaipata mara mbili kati ya nne kwa tufe la plastiki la kuazima.

Mzee, mpira wa raga nimeununua pia. Ligi inakwisha mwezi wa nne, na siku inayofuata nitapiga goti kama ulivyosema.

MzeeWaLigi (Nairobi)

Vema sana, binti yangu. Anza na tufe la ratili 8, na kwa wiki mbili za kwanza usihesabu pini.