Siku nne za Sikukuu ya Shukrani: niazime Gurnah mpya, Everett au Owuor?

Chumvi ya Tanga (Columbus, Ohio)

Wandugu, salaam. Alhamisi tarehe 27 Novemba ni Sikukuu ya Shukrani, na mwaka huu kazini wametupa na Ijumaa. Ukiunganisha na wikiendi ni siku nne. Bata mzinga hanihusu, anapika shemeji. Mimi nataka kitabu kimoja nikianze na nikimalize, si cha kusoma kurasa kumi kikaishia chini ya kitanda mpaka maktaba wanikumbushe.

Nimepita kwenye rafu ya vitabu vipya, nimebaki na vitatu. Theft cha Abdulrazak Gurnah kimetoka Machi 2025, riwaya yake ya kwanza tangu apate Nobel mwaka 2021. Hicho kipo, naweza kukibeba leo. James cha Percival Everett ni cha 2024, kimezoa tuzo mbili kubwa za Marekani, National Book Award na Pulitzer, ila foleni yake haisogei. Halafu kuna The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor. Ni cha 2019 lakini hapa kwetu kimeletwa juzijuzi. Kina kurasa karibu 500, na ni habari za kisiwa cha Pate kule Lamu, ndiyo maana kinanivuta.

Kipi? Tafadhali asije mtu akaniambia "vyote".

Bi Mkunazi (Minneapolis)

Theft, mdogo wangu, wala usijiulize mara mbili. Kina kurasa kama 300, kwa siku nne unakimaliza na nafasi ya kulala mchana inabaki.

Ni vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, Unguja na Dar. Badar ndiye aliyenishika. Kijana kutoka shamba analetwa kutumika kwenye nyumba ya watu, na kuna jambo kuhusu yeye na nyumba ile ambalo wakubwa wanalijua na yeye halijui. Sote tumekulia kwenye nyumba zenye mtu wa namna hiyo, "ndugu" anayekula wa mwisho. Gurnah hapigi kelele juu ya hilo. Anakuonyesha tu nani anatumwa na nani anatuma. Baadaye watalii wanaingia, mahoteli yanaingia, wafadhili wanaingia, na unaona nani anapanda na nani anabaki pale pale.

Owuor nampenda, ila si wa kusoma sebule ikiwa na watoto wa wageni. Sentensi zake zinavunjika, zinarudi, zinaimba, ukikatizwa unapotea. Sehemu ya mwanzo, Ayaana akiwa mtoto Pate na mzee Muhidin na vitabu vyake, sijasoma maelezo mazuri ya visiwa vile kupita hayo. Akishapanda meli kwenda China, kwa kuwa anahesabiwa mzao wa mabaharia wa Zheng He, yule amiri wa China wa zamani, hadithi inapanuka mno na mimi nilianza kuchoka. Kiweke cha Januari, theluji ikikufungia ndani.

Dereva wa Usiku (Louisville)

Bandugu, mimi wa Bukavu nasema James. Na usikisome, kisikilize. Msomaji wake ni Dominic Hoffman, kama saa nane hivi, mimi nilikimaliza zamu mbili za usiku nikiwa barabarani.

Sababu ni hii. Ni hadithi ya Huckleberry Finn, ile riwaya ya zamani ya Mark Twain, lakini anayeisema ni Jim, mtumwa. Akiwa na watu wake, Jim anasema Kiingereza kilichonyooka, cha mtu aliyesoma. Mzungu akitokea, anageuza ulimi na kusema kile cha kitumwa ambacho wao wanategemea kukisikia. Hata watoto anawafundisha namna ya kugeuza, ili wasije wakauawa kwa kuonekana wana akili. Ukisoma kwenye karatasi unaelewa. Ukisikia sauti inavyogeuka, nywele zinasimama. Sisi ambao tuna sauti ya nyumbani na sauti ya mbele ya bosi, hatuhitaji mtu kutufafanulia.

Ya Gurnah sijasoma, siwezi kuisema vibaya. Lakini kaka, kitabu cha mtumishi wa nyumbani kwa sikukuu? Wewe unataka kupumzika ama kulia?

Bi Mkunazi

Na cha utumwa ndicho cha kupumzikia? 😂

Dereva wa Usiku

Kinachekesha, dada! Kweli kinachekesha. Mpaka pale kinapoacha.

Mzee wa Malindi (Toronto)

Huku kwetu Canada Shukrani ilishapita, ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo nazungumza nikiwa nimeshashiba.

Kijana, hujauliza lililo muhimu: je, umeshasoma Afterlives? Kama bado, Theft kisubiri. Afterlives cha 2020 ndimo Gurnah alimofika kilele cha kazi yake. Khalifa karani, Afiya, Ilyas aliyekwenda na Wajerumani na hakurudi, Hamza aliyejiunga na askari wao kisha akarudi pwani na mguu mbovu. Vita vile vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa kwenye mashamba ya babu zetu, na watoto wetu shuleni huku wanafundishwa mahandaki ya Ufaransa peke yake. Theft ni kizuri, nimekisoma, lakini ni kazi ya mkono uliotulia. Wengine mnaita ukomavu, mimi naona kama ameshusha tanga kidogo.

La pili. Kuna Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise cha Gurnah huyo huyo, aliyoifanya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota, 2022. Mwaka ule wa 1994 kitabu kile kilifika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, na tulikaa miaka 28 bila kukipata kwa lugha ambayo wahusika wenyewe wanaisema. Yusuf na Ami Aziz wakizungumza Kiswahili, mazungumzo yanakaa pale yanapostahili. Ukikipata hicho, viache vyote vitatu.

Chumvi ya Tanga

Shikamoo mzee. Afterlives nilikisoma kilipotoka huku, 2022. Peponi nimekitafuta kwenye katalogi ya maktaba yetu, hakuna.

Mzee wa Malindi

Marahaba. Basi umefaulu mtihani, endelea na Theft. Lakini Peponi usikiache.

Rafu ya Chini (Chicago)

Mimi nafanya kazi maktabani, si mkutubi, napanga vitabu rafuni, kwa hiyo naongea ya kazini.

Peponi omba kwa mkopo wa maktaba kwa maktaba. Nenda kaunta na jina la kitabu, mtafsiri na mchapishaji, wataulizia kwingine. Vyuo vyenye mkusanyo mkubwa wa Afrika, kama Northwestern pale Evanston, ndiko vitabu vya wachapishaji wa Dar huwa vinaishia. Ila hilo huchukua wiki kadhaa. Kwa Alhamisi hii sahau, kwa Krismasi inawezekana.

Theft kama kipo rafuni, kichukue leo, leo, usingoje Jumatano. Jumatano ile watu wanaingia kama wanakwenda kununua unga kabla ya kimbunga, na Alhamisi kumefungwa. Tena angalia kibandiko. Maktaba nyingi zina rafu ya vitabu vinavyotafutwa sana ambavyo havipangiwi foleni: ukikikuta ni chako, ila muda wake ni mfupi na hukiongezei siku. James hutokea hapo mara nyingi, chungulia.

Kwa foleni ya Libby, ile programu ya simu ya kuazima vitabu vya maktaba vya kidijitali na vya kusikiliza, jiandikishe hata kama ni ndefu. Zamu ikikufikia wakati una kitabu kingine, chagua kiletwe baadaye, anapewa wa nyuma yako na wewe hupotezi nafasi. Na cha Libby kinajirudisha chenyewe. Cha karatasi nacho kisikutie hofu, Columbus yenu walifuta faini za kuchelewesha tangu 2017, sisi Chicago 2019. Ukikipoteza lakini utalipa.

Mama Pacha (Des Moines)

Na watoto? Wangu wana miaka sita, shuleni wameletewa kofia za manyoya za karatasi, wanarudi wananiuliza Wahindi Wekundu wako wapi siku hizi. Nikakosa la kusema.

Rafu ya Chini

Dada, azima Keepunumuk, cha 2022. Waandishi wake wako watatu, akiwamo Danielle Greendeer ambaye ni Mwampanoag, kabila la Wenyeji waliokula na Waingereza kwenye Shukrani ya kwanza. Kinasimulia Shukrani ile ya kwanza kupitia mahindi, maharage na maboga, na bibi anayewasimulia wajukuu. Kingine ni Fry Bread, yaani mkate wa kukaanga wa Wenyeji wa Marekani, cha Kevin Noble Maillard, 2019, maneno machache, picha za kushiba. Kama watachagua kimoja, naona watashika Fry Bread kwa sababu kuna mapishi mwishoni. Jiandae kukaanga, maana ni maandazi yasiyo na iliki.

Na ukiwa upande huo wa watoto uliza Moja Means One cha Muriel Feelings, 1971. Huyu mama Mmarekani Mweusi aliwahi kufundisha Uganda, akarudi akaandika kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, mume wake Tom akachora. Kilipata heshima ya Caldecott, tuzo ya picha za vitabu vya watoto, 1972. Wangu walishangaa kukuta "tatu" kwenye kitabu cha maktaba ya Marekani.

Wewe mwenyewe ukitaka historia ya Shukrani ile ya kwanza, ya 1621, This Land Is Their Land cha David Silverman, 2019. Ni kinene na hakibembelezi mtu. Ukitaka kitu cha jioni moja, The Serviceberry cha Robin Wall Kimmerer, kurasa mia na ushee, mtaalamu wa mimea wa kabila la Potawatomi. Anazungumzia tunda linalotolewa bure na mti, na maktaba ya umma anaitaja kama mfano wa mali inayozunguka bila kununuliwa. Ninakipendekeza nikijua kuwa ninajipigia debe.

Bi Mkunazi

Serviceberry nilikisoma. Kizuri, lakini kwangu hakikuwa na mfupa. Ukikimaliza unakubali kila kitu halafu huna la kubishana.

Mama Pacha

Asanteni sana. Kuhusu maandazi nitaweka iliki, samahani.

Chumvi ya Tanga

Nimetoka maktaba sasa hivi. Theft ninacho mkononi, kina kibandiko cha siku 14. James nimejiandikisha cha kusikiliza, niko wa 61. Peponi yule dada wa kaunta ameandika jina la mtafsiri herufi kwa herufi, amesema watapiga simu. Owuor nimemwacha rafuni. Nilisoma ukurasa wa kwanza nimesimama na nikaanza wa pili, Bi Mkunazi, kwa hiyo usiniwekee ahadi ya Januari, naweza kumrudia mapema.

Swali la mwisho kwa Dereva: huo usomaji wa James unaweza kusikilizwa na mtoto wa miaka 12 akiwa kiti cha nyuma?

Dereva wa Usiku

Hapana, kaka. Tumia vifaa vya masikioni.