Naomba ushauri: ukuta wa stendi na kikundi chetu cha ngoma

Mbukwenyi ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri.

Tupo mji mdogo wilayani Mpwapwa. Kikundi chetu kina akina mama 11 wanaopiga muheme (kwetu Wagogo ngoma hiyo ni ya wanawake) na vijana 6 wa zeze na kayamba. Mwezi wa tano tulisafisha dampo nyuma ya stendi, tukapaka ukuta chokaa na kuchora mbuyu, ng'ombe, na mama aliyebana ngoma mapajani. Watu wakaacha kutupa taka pale. Jumamosi tunafanyia mazoezi hapo hapo.

Ruhusa tulipewa kwa mdomo tu, kosa letu. Sasa tunaambiwa ukuta utakodishwa kwa matangazo, na juzi mtu kabandika bango juu ya uso wa yule mama! Ofisini tumeenda mara tatu, jibu ni "njooni Jumatatu". Barua yetu haijagongwa hata mhuri wa kupokelewa.

Nauliza: barua ya kuomba eneo ianzie mkutano wa hadhara, tuambatanishe muhtasari, au twende halmashauri moja kwa moja? Halafu ile mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, sisi tumechanganyika. Lazima tugawane vikundi viwili? Binafsi sipendi tugawanyike, ila ngoma mbili zimepasuka ngozi na mfuko hauna kitu.